Nilivuta bangi kabla sijajua nina mimba. Je, ubongo wa mtoto umeathirika?

Swali: Shikamoo daktari. Nina miaka 27, nimepima nimekuta nina mimba ya wiki 9. Kwa zaidi ya mwaka nimekuwa nikivuta bangi karibu kila usiku ili nipate usingizi, msokoto mmoja, siku nyingine nusu. Tangu nijue nimepunguza ila sijaacha kabisa, kwa sababu kichefuchefu cha asubuhi kinanitesa na nikivuta kidogo kinatulia. Wifi yangu ananiambia bangi ni mmea tu, yeye alivuta mimba zote mbili na watoto wake wana akili darasani. Lakini nimesoma kwamba mtoto anaweza kupata usonji au kudumaa ubongo. Mume wangu naye anavuta. Je, nimeshamharibu mwanangu? Naogopa hata kusema kliniki.

Jibu: Marahaba. Nianze na hilo linalokukosesha raha. Hakuna daktari mkweli anayeweza kukuambia kwamba wiki hizo 9 zimemharibu mwanao. Mtoto aliyeathiriwa na pombe nyingi tumboni anaweza kuzaliwa na sura na maumbile ambayo daktari mzoefu huyatambua kwa macho. Kwa bangi hakuna kitu cha namna hiyo. Hata hivyo, sitakuambia kwamba wifi yako amepatia. Madhara yanayoonekana kwenye tafiti ni madogo, hujitokeza mtoto akiwa ameshakua, na huwaelemea zaidi watoto ambao mama zao waliendelea kuvuta wakati wanajua wana mimba. Ndiyo maana kuliko wiki 9 zilizopita, mimi zinanihangaisha wiki 31 zilizobaki.

Ili uelewe kwa nini bangi inagusa ubongo wa mtoto, acha kwanza hoja ya mmea. Kinacholewesha kwenye bangi ni kemikali iitwayo THC, ambayo Raphael Mechoulam na Yechiel Gaoni waliitenga huko Israeli mwaka 1964. Kwa muda mrefu haikujulikana inaufanyaje kazi ubongo, mpaka mwaka 1990 ulipopatikana mpangilio wa kijeni wa kipokezi chake, yaani ile sehemu kwenye ukuta wa seli inayopokea THC na kuitikia. Kipokezi hicho kinaitwa CB1. Bila shaka hatukuumbwa nacho kwa ajili ya bangi. Mwili hutengeneza kemikali zake wenyewe zinazokitumia, na ya kwanza kati ya hizo iligunduliwa mwaka 1992.

Sasa njoo tumboni. Kwa mtu mzima mfumo huo hurekebisha usingizi, hamu ya kula, maumivu na hofu. Kwa mtoto anayeumbika una kazi nyingine kabisa: unasaidia kujenga. Seli changa za neva huzaliwa sehemu moja ya ubongo na kusafiri hadi zitakapokaa, kisha kila moja hurefusha mkia mwembamba kutafuta seli ya kuungana nayo. Ishara zinazopita kwenye CB1 ni miongoni mwa zinazoziambia seli lini zigawanyike, lini zisimame, na mkia uelekee upande gani. Ishara hizo hutolewa kidogokidogo, mahali maalumu, kwa dakika maalumu. THC inapoingia haifuati ratiba hiyo. Inafika kila mahali kwa wakati mmoja na kukaa muda mrefu, mfano wa mtu anayepiga filimbi ovyo uwanjani wakati mwamuzi naye anapiga yake.

Na inafika kweli. THC inapenda mafuta, kwa hiyo hupenya kondo la nyuma bila shida, ingawa kwa wanyama waliochunguzwa kiwango ndani ya damu ya mtoto huwa chini ya kile cha mama. Sifa hiyohiyo hufanya ijifiche kwenye mafuta ya mwili wako na kutoka polepole. Anayevuta kila siku anaweza kukutwa nayo kwenye mkojo wiki kadhaa baada ya kuacha. Mwaka 2014 kundi la wanasayansi wa Ulaya lilionyesha kwamba THC hupunguza protini moja, SCG10, inayohitajika ili ule mkia wa seli ya neva ukue na kuunganika vizuri. Waliiona kwa panya, na wakaikuta hali kama hiyo kwenye ubongo wa vijusi vya binadamu ambao mama zao walitumia bangi. Kwa hiyo njia ya madhara ipo, na imeonekana. Swali gumu ni hili: mwishoni, mtoto mwenyewe anakuwaje?

Hapo ndipo wanaoandika mitandaoni huteleza, wengine kwa kutisha, wengine kwa kubembeleza. Kuna tafiti mbili za zamani zilizowafuata watoto kwa miaka mingi. Moja ilianza Ottawa, Kanada, mwaka 1978 chini ya Peter Fried, wengi wa mama zake wakiwa watu wa kipato cha kati. Nyingine ilianza Pittsburgh, Marekani, mwanzoni mwa miaka ya 1980 chini ya Nancy Day, na mama wengi walikuwa wa kipato cha chini. Mazingira tofauti kabisa, lakini yaliyopatikana yanafanana kwa kiasi. Akili kwa ujumla haikuonekana kushuka Ottawa. Kilichojitokeza, watoto walipofika umri wa shule, ni udhaifu mdogo kwenye kutuliza umakini, kukumbuka, kupanga mambo na kujizuia kutenda kwa pupa. Pittsburgh waliona pia kwamba watoto wa miaka 6 ambao mama zao walivuta msokoto mmoja au zaidi kwa siku katika miezi 3 ya kwanza walipata alama za chini kwenye kupambanua kwa maneno.

Najua umeshapiga hesabu na kujiona mle ndani. Ndiyo, kiasi chako kinakaribia hicho, na nisingekutendea haki kama ningekificha. Lakini elewa tafiti hizi zinapima nini. Zinalinganisha wastani wa kundi na wastani wa kundi. Ndani ya kundi la waliovuta kuna watoto waliowashinda wengi wa kundi lile lingine.

Nikuonyeshe mfano mmoja kwa karibu. Vijana 31 wa ule utafiti wa Ottawa, wakiwa na miaka 18 hadi 22, waliingizwa kwenye mashine inayopiga picha ubongo ukiwa kazini. Zoezi lilikuwa jepesi: herufi zinapita kwenye skrini, unabonyeza kitufe, lakini ikitokea herufi fulani unajizuia usibonyeze. Kadiri kijana alivyokuwa amepata bangi zaidi tumboni, ndivyo sehemu ya mbele ya ubongo wake ilivyofanya kazi zaidi ili kujizuia, na walioathiriwa walikosea mara nyingi kidogo. Hata hivyo, wote walifanya zoezi kwa usahihi wa zaidi ya asilimia 85. Ukikutana nao barabarani usingewatofautisha. Ubongo ulikuwa unafika kulekule, ila kwa jasho zaidi. Kwangu mimi, hiyo ndiyo picha ya haki kuliko zote kuhusu suala hili.

Utafiti unaokuhusu wewe moja kwa moja ni ule mkubwa wa Marekani uitwao ABCD. Matokeo yaliyotoka mwaka 2020 yalichambua watoto zaidi ya 11,000 wa miaka 9 hadi 11. Mama wa watoto 655 walikuwa wametumia bangi, na wachambuzi waliwagawa makundi mawili: walioacha walipojua wana mimba, na walioendelea. Watoto wa walioendelea walikuwa na matatizo zaidi ya umakini, ya kuhusiana na wenzao, ya usingizi, na dalili ndogondogo za kuona au kuamini yasiyokuwepo. Watoto wa walioacha, baada ya kuzingatia hali ya familia na mambo mengine, hawakutofautika na watoto wa mama ambao hawakutumia kabisa. Wengi wa mama hao walijua wana mimba karibu na wiki ya 7. Utafiti huo una kasoro: mama waliulizwa miaka mingi baadaye, na kumbukumbu ina hiana zake. Lakini hata ukiusoma kwa jicho kali namna gani, unakuambia kwamba leo hujachelewa.

Na mwili wenyewe unaiunga mkono hoja hiyo. Wiki 9 za kliniki huhesabiwa tangu siku ya kwanza ya hedhi yako ya mwisho, kwa hiyo mtoto mwenyewe ana kama wiki 7. Mrija unaokuja kuwa ubongo na uti wa mgongo umeshafunga. Vipokezi vya CB1 huanza kuonekana kwenye ubongo mapema katika mimba, lakini kazi kubwa ya kuunganisha seli iko mbele, hasa miezi 3 ya mwisho. Usiitumie hesabu hii kama ruhusa ya kuendelea kuvuta. Kondo la nyuma linajengwa sasa hivi nalo pia lina vipokezi hivyo, na nimekueleza jinsi THC isivyotoka mwilini siku unayoacha.

Usonji. Mwaka 2020 watafiti wa Ontario, Kanada, waliochunguza rekodi za uzazi karibu nusu milioni walikuta usonji ukitambuliwa zaidi kwa watoto wa mama waliotumia bangi: 4 kwa kila watoto 1,000 kwa mwaka, dhidi ya 2.42. Habari hiyo ilisambaa kama moto wa nyika. Iliyokuja mwaka 2024 haikusambaa: uchunguzi wa mimba karibu 179,000 kaskazini mwa California, ambako mama waliulizwa na pia kupimwa mkojo mwanzoni mwa mimba, haukuona uhusiano wowote kati ya bangi na usonji baada ya kuzingatia mambo mengine. Kwangu mimi, mwanamke asikose usingizi kwa ajili ya usonji kutokana na bangi ya wiki za mwanzo. Ushahidi haubebi hofu hiyo.

Mahali ambapo ushahidi ni mzito ni uzito wa mtoto. Mwaka 2017 Taasisi za Kitaifa za Sayansi, Uhandisi na Tiba za Marekani zilipitia tafiti zilizokuwepo na kuona kwamba uhusiano wa bangi na uzito pungufu wakati wa kuzaliwa ndio uliothibitika kuliko mengine. Katika utafiti mwingine wa Ontario, ambako rekodi zaidi ya 660,000 zilichambuliwa, waliona pia watoto njiti wakiongezeka. Nalitaja hili katika jibu linalohusu ubongo kwa sababu mtoto anayezaliwa kabla ya wakati au mdogo kupita kiasi huwa na hatari zake za ubongo ambazo hazina uhusiano na kipokezi chochote. Moshi nao una gesi ya sumu iitwayo kaboni monoksidi inayopunguza oksijeni kwenye damu yako, na kama mnachanganya na tumbaku, mmeongeza madhara ambayo hayabishaniwi tena.

Sasa wifi. Simlaumu, watu hushuhudia waliyoyaona. Watoto wake wawili wana akili, na mimi naamini. Lakini kama madhara ni kupoteza kidogo uwezo wa kutulia, utayaonaje kwa mtoto mmoja ambaye hujui angekuwaje bila bangi? Tena bangi ya leo si ile ya zamani. Katika bangi iliyokamatwa Marekani, THC ilikuwa takriban asilimia 4 mwaka 1995 na ikapanda hadi takriban 12 mwaka 2014. Tafiti za Ottawa na Pittsburgh zote mbili ni za ile hafifu.

Utakutana pia na watu watakaokutajia Jamaika, na wasikushangaze, kwa sababu ni kweli. Melanie Dreher alifuatilia mama wa vijijini kule waliotumia ganja kwa wingi, na katika matokeo ya mwaka 1994 watoto wao wachanga hawakuonekana kuwa nyuma ya wenzao. Kwa baadhi ya vipimo vya mwezi wa kwanza walikuwa mbele. Lakini walikuwa makumi machache tu, na mama hao wavutaji walikuwa na elimu zaidi, kipato chao wenyewe na msaada zaidi nyumbani. Mimi nachukua somo moja hapo, tena zito: malezi yana nguvu kubwa. Mtoto anayezungumzishwa, anayelala vya kutosha, anayekula na kutunzwa bila vurugu, ubongo wake unajengwa kila siku kwa miaka mingi. Hilo lote bado liko mikononi mwako.

Tuje kwenye kichefuchefu, maana nikikuambia acha bila kukupa kitu mbadala nitakuwa nimekutania. Hauko peke yako kudhani kwamba bangi ni dawa yake. Mwaka 2018 watafiti walipiga simu kwenye maduka 400 ya bangi huko Colorado wakijifanya wajawazito wa wiki 8 wenye kichefuchefu, na asilimia 69 ya maduka yaliwashauri watumie. Muuza duka si mkunga. Zipo dawa zinazotumika kwa wajawazito na zilizochunguzwa kwa miaka mingi: vitamini B6, peke yake au pamoja na doksilamini. Hiyo ya pili husinziza, kwa hiyo ikinywewa usiku inaweza kukusaidia pande zote mbili. Waombe kliniki wakuandikie na wakupangie kiasi. Kula kidogokidogo, na usiruhusu tumbo likae tupu asubuhi.

Halafu jiulize jambo moja: je, maji ya moto ya kuoga yanakutuliza kichefuchefu kuliko kitu kingine chochote, mpaka unakaa bafuni muda mrefu? Kama ndiyo, mwambie daktari kwa maneno hayohayo. Wanaovuta kwa muda mrefu hupata aina ya kutapika inayoletwa na bangi yenyewe, na maji ya moto ndiyo dalili yake. Msokoto huonekana kuitibu, kumbe ndio unaoilisha. Dawa yake ni kuacha.

Kuhusu kuacha kwenyewe: siku ya kwanza au ya pili utaanza kuona hasira za karibu, usingizi wa mang'amung'amu, ndoto kali, jasho, chakula hakipendezi. Wiki ya kwanza ndiyo mbaya zaidi. Kwa wengi hali hutulia ndani ya wiki 2, ingawa usingizi unaweza kuchelewa kurudi. Kuacha bangi ghafla hakumdhuru mtoto, tofauti na kuacha pombe nyingi au dawa fulani za usingizi ambako inabidi daktari asimamie. Usibadilishe njia tu. Kula bangi badala ya kuvuta, sigara za umeme zenye mafuta yake, matone ya CBD, kemikali nyingine ya bangi isiyolewesha, yanayouzwa kama dawa ya wasiwasi: vyote weka kando. Mamlaka ya dawa ya Marekani, FDA, imeshauri wajawazito na wanaonyonyesha wasitumie CBD wala THC kwa namna yoyote. Wala usijaze pengo kwa pombe. Hapo utakuwa umekimbia mvua ukaingia mtoni.

Na uliandika kwamba ulianza kwa sababu ya usingizi. Kuna kitu kilichokuwa kinakuzuia kulala mwaka mzima kabla ya mimba. Inaweza kuwa wasiwasi, huzuni, jambo la nyumbani. Sonona wakati wa mimba ni ugonjwa, inatibika, na isipotibiwa inamgusa mtoto nayo. Ukiona wiki zinapita na moyo bado mzito, sema.

Mumeo nimemwachia nafasi makusudi. Katika utafiti wa Rotterdam, Uholanzi, watoto wa baba waliovuta bangi nao walionekana kuwa na tabia za ukorofi zaidi, kama wale wa mama waliovuta. Baba hana kondo la nyuma. Maana yake sehemu ya tunachokiita madhara ya bangi ya mama huenda inatokana na urithi, au na mambo ya nyumbani ambayo wote wawili wanayashiriki. Kwa hiyo mama peke yake asibebeshwe mzigo wote, na anayepaswa kusoma aya hii ni mumeo. Avute nje, mbali nawe, kama hawezi kuacha. Akiweza kuacha, afanye hivyo wiki ileile utakayoacha wewe, kwa sababu kukaa na harufu hiyo chumbani kila usiku ni mtihani ambao wachache huufaulu.

Kunyonyesha hukuuliza lakini nitalisema. THC huingia kwenye maziwa. Katika utafiti wa mwaka 2018 ilikutwa kwenye asilimia 63 ya sampuli, nyingine hadi siku 6 baada ya mama kutumia, kwa hiyo kukamua na kumwaga ya jioni hakusaidii. Ukiwa umeacha sasa, suala hilo halitakuwepo.

Sasa kliniki. Hofu yako naielewa, kwa sababu sheria zinatofautiana: mahali pengine ni siri ya matibabu kama nyingine yoyote, mahali pengine mhudumu analazimika kutoa taarifa. Unayo haki ya kuuliza kwanza, kabla hujasema lolote: "Nikikueleza jambo kuhusu nilivyokuwa natumia, linaandikwa wapi na nani atalisoma?" Ukiridhika na jibu, sema kwa kifupi: ulikuwa unavuta karibu kila usiku, msokoto mmoja, umejua ukiwa na wiki 9, unaacha, na unataka dawa ya kichefuchefu na msaada wa usingizi. Omba wafuatilie kwa karibu ukuaji wa mtoto, na ultrasaundi ya miezi ya mwisho kama ipo, kwa sababu uzito ndio wanaohitaji kuuangalia zaidi. Waulize pia kuhusu foliki asidi kama hujaanza kuitumia. Na kabla hujaenda, andika mahali tarehe uliyovuta mara ya mwisho, maana hilo ndilo swali la kwanza watakalokuuliza.